Windows inakataa nywila yangu kwenye Linux: PIN si nywila, na SMB1 si dawa

Swali lililonifikia ni hili, nimelifupisha kidogo:

"Mtaalamu, habari za kazi. Nina steshenari ndogo hapa Mwanza. Kaunta kuna kompyuta ya Windows 11 yenye skana na printa, na kazi zote za wateja ziko humo, C:, kwenye folda inaitwa Kazi za Wateja. Nimepata laptop ya zamani, Windows ilikuwa inaielemea, nikaiwekea Linux Mint na sasa inakwenda vizuri. Nataka kijana wangu afungue folda ile akiwa kwenye laptop, maana sasa hivi tunazunguka na flashi kutwa nzima. Folda nimeshaishea. Nikijaribu kuingia toka Linux napata 'mount error(13): Permission denied'. Nywila nina hakika nayo, ni zile tarakimu nne ninazofungulia kompyuta kila asubuhi. Rafiki yangu kanishauri niwashe SMB1 kwenye Windows na niandike vers=1.0 kwenye Linux. Nikaandika vers=1.0 kabla sijawasha kitu, nikaletewa 'mount error(112): Host is down', wakati kompyuta iko mbele yangu inawaka. Nifanyeje?"

Ndugu yangu, habari ni nzuri. Jibu la swali lako umelibeba mwenyewe kwenye maneno mawili: "tarakimu nne".

Hizo tarakimu nne ni PIN. Unapoiandika asubuhi, PIN inafungua ufunguo uliohifadhiwa ndani ya kompyuta ile ile, na haitoki nje ya mashine hiyo hata siku moja. Kompyuta nyingine ikija kupitia mtandao, Windows haina habari na PIN kabisa. Inataka nywila ya akaunti. Na kama akaunti yako ilifunguliwa kwa barua pepe, kama ilivyo kwa watu wengi wenye Windows 11, nywila inayotakiwa ni ya akaunti ya Microsoft, ambayo huenda uliiandika mara moja siku ya kwanza ukaiacha hapo. Ungeweza kuandika PIN hiyo mara elfu moja kwenye Linux, usingeingia.

Tena hiyo error(13) isikukatishe tamaa. Chukulia laptop yako ni mgeni aliyefika nyumbani kwa mtu. Kwanza lazima aipate nyumba. Pili apige hodi na mlango uwe unafunguliwa. Tatu aulizwe "nani wewe?" na jibu lake likubalike. Nne aruhusiwe kuingia chumba anachokitaka. Laptop yako imeipata nyumba, imepiga hodi, imeitikiwa karibu, imekwama kwenye jina. Kwa hiyo waya ni mzima, Wi-Fi ni nzima, Linux yako ni nzima. Nasisitiza jambo hili kwa sababu wengi wakiona kosa wanaanza kubomoa kila kitu kwa wakati mmoja: wanazima kinga ya Windows, wanaondoa nywila, wanashea folda kwa kila mtu, wanawasha SMB1. Mwisho wake folda inafunguka, na duka zima linabaki wazi.

Sasa hilo la SMB1. Naomba sana usiiwashe, na nikueleze kwa nini, maana ushauri huu umesambaa mno.

SMB ni itifaki, yaani lugha ambayo kompyuta za Windows hutumia kupeana mafaili na printa. Ilianzia IBM mwaka 1983, mikononi mwa Barry Feigenbaum, enzi ambazo mtandao wa ofisi ulikuwa mashine chache zinazoaminiana ndani ya jengo moja. Linux ilipata kuisema lugha hiyo kwa kazi ya Andrew Tridgell, aliyekuwa mwanafunzi wa uzamivu kule Canberra, Australia. Mwishoni mwa 1991 alianza kuchunguza mazungumzo ya kompyuta hizo yanavyopita kwenye waya, akaandika programu yake inayoyaiga. Baadaye alipohitaji jina jipya la programu hiyo alipekua orodha ya maneno kwenye kompyuta akitafuta yenye herufi s, m na b kwa mfuatano huo, akakutana na Samba. Programu ya smbclient utakayoitumia hivi punde ni tunda la kazi ile.

Lugha yenyewe imekua tangu hapo. SMB2 ilikuja na Windows Vista, SMB3 ikaja na Windows 8 mwaka 2012, na Windows 10 ikaleta 3.1.1 ambayo ndiyo kompyuta yako inayoisema leo. SMB1 ni ile ya kale, haina usimbaji fiche, yaani haifichi yanayopita kwenye mtandao, na ulinzi wake dhidi ya mtu anayejipenyeza katikati ya mazungumzo ni dhaifu. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipita kwenye kasoro ya SMB1, kikaruka toka kompyuta moja hadi nyingine bila mtu kubofya chochote, kikafunga mafaili na kudai malipo ya Bitcoin. Hospitali za Uingereza zilirudisha wagonjwa nyumbani. Na sasisho la kuziba kasoro ile Microsoft walikuwa wameshalitoa tarehe 14 Machi, karibu miezi miwili kabla. Walioumia walikuwa bado hawajaliweka. Mwaka huo huo Windows 10 toleo la 1709 likaanza kusakinishwa bila seva ya SMB1, na upande wa Linux kerneli 4.13 (kerneli ni kiini cha Linux) nayo ikaacha kuitumia kama chaguo la kawaida.

Ndiyo maana ulipoandika vers=1.0 uliambiwa "Host is down". Windows yako haijazimika. Umeisemesha kwa lugha iliyokwisha kuiacha, ikanyamaza, na Linux ikaona kimya ikadhani hakuna mtu. Futa vers=1.0 kabisa na usiweke kitu badala yake. Kerneli za sasa zinazungumza na Windows zenyewe na kuchagua toleo la juu ambalo pande zote mbili zinalielewa.

Turudi kwenye jina. Ungeweza kutafuta nywila ya akaunti yako ya Microsoft ukaiandika kwenye laptop, na mara nyingi ingefanya kazi. Sikushauri. Nywila hiyo ndiyo ufunguo wa akaunti yako nzima ya Microsoft, pengine pamoja na barua pepe na OneDrive yako, halafu unataka kuihifadhi kwenye faili la laptop inayotumiwa na kijana wa dukani. Tengeneza akaunti ndogo ndani ya Windows kwa kazi hii tu. Mimi ningeiita kaunta.

Kwenye kompyuta ya Windows, bofya kitufe cha Start, andika cmd, bofya kulia juu ya Command Prompt, chagua "Run as administrator". Kisha andika:

net user kaunta * /add

Itakuomba nywila mara mbili. Herufi hazitaonekana unapoandika, usihangaike, zinaingia. Weka nywila ya kweli, usiache wazi, kwa sababu Windows kwa kawaida haimruhusu mtu kuingia kupitia mtandao kwa akaunti isiyo na nywila.

Hapa kuna mtego ambao umewatesa watu wengi, nami nimeitwa zaidi ya mara moja kuutegua. Akaunti iliyotengenezwa kwa amri hiyo nywila yake huisha muda baada ya siku 42. Utafurahi mwezi mzima na zaidi, halafu asubuhi moja laptop inakataa kuingia na hakuna aliyegusa kitu. Uzuie mapema. Fungua PowerShell, nayo kwa "Run as administrator", uandike:

Set-LocalUser -Name kaunta -PasswordNeverExpires $true

Sasa ruhusa. Windows ina tabaka mbili za ruhusa juu ya folda iliyosheawa, na hapa ndipo watu hupotelea. Tabaka la kwanza ni la kushea: nani anaruhusiwa kuingia kwenye folda hii kwa njia ya mtandao. Tabaka la pili ni la diski yenyewe: nani anaruhusiwa kusoma na kuandika mafaili haya, awe amekuja kwa mtandao au amekaa kwenye kiti. Mgeni lazima apite yote mawili, na lile linalombana zaidi ndilo linaloshinda. Ukimpa kaunta ruhusa ya kuandika kwenye kushea halafu diski inamruhusu kusoma tu, atasoma tu. Mtu anaishea folda, anaweka "Full Control" kule kwenye kushea, bado anakataliwa kuhifadhi, anaona Linux ni mbovu.

Kama folda umeishea tayari, ondoa kwanza huko kushea kwa zamani, hasa kama umemweka "Everyone": bofya kulia kwenye folda, "Properties", "Sharing", "Advanced Sharing", toa tiki. Halafu rudi kwenye Command Prompt, si PowerShell, maana PowerShell inachanganywa na ile koma ya mwishoni:

net share Kazi="C:\Kazi za Wateja" /grant:kaunta,CHANGE

icacls "C:\Kazi za Wateja" /grant "kaunta:(OI)(CI)M"

Mstari wa kwanza unaishea folda kwa kaunta peke yake. Wa pili unampa ruhusa ya diski, na zile alama za OI na CI zinafanya ruhusa hiyo ishuke kwenye mafaili na folda zote zilizomo ndani, pamoja na zitakazoundwa kesho. Angalia pia kwamba jina la kwenye mtandao nimelifanya "Kazi" tu, bila nafasi. Folda yenyewe inabaki na jina lake. Nafasi ndani ya jina zinasumbua baadaye kwenye faili la fstab, lile linaloiambia Linux ipachike folda zipi, ambako kila nafasi lazima iandikwe \040, na hakuna sababu ya kujitafutia shida hiyo.

Kabla hujaondoka kwenye Windows angalia mambo mawili. Nenda "Settings", "Network & internet", fungua mtandao unaotumia, hakikisha umechaguliwa "Private network" na si "Public". Kwenye "Public" Windows inajiona iko kwenye mgahawa au stendi, na kwa kawaida inafunga mlango wa kushea. Kisha kwenye Command Prompt andika ipconfig usome anwani ya IPv4. Tuseme ni 192.168.1.10. Anwani hiyo hutolewa na ruta na inaweza kubadilika umeme ukikatika na kurudi, kwa hiyo ingia kwenye ruta uiambie iipe kompyuta hiyo anwani ile ile siku zote. Ruta nyingi zina sehemu hiyo chini ya menyu inayoitwa DHCP. Kama unatumia mifi ya mtandao wa simu, angalia isiwe imezuia vifaa visionane. Baadhi zinafanya hivyo, hasa kwenye Wi-Fi ya wageni, na hapo utahangaika na nywila siku nzima wakati hodi yenyewe haijafika.

Njoo sasa kwenye laptop. Fungua terminali, weka programu mbili:

sudo apt install cifs-utils smbclient

Anza kwa kupima mlango. SMB hupita mlango namba 445:

nc -zv 192.168.1.10 445

Ukiona "succeeded", mlango uko wazi. Usipime kwa ping, ile amri ya kuuliza kama kompyuta ipo, kwa sababu kinga ya Windows mara nyingi haijibu ping hata pale ambapo kushea kunafanya kazi, na utajipa wasiwasi bure.

Kisha jaribu jina na nywila, bado bila kupachika chochote, yaani bila kuiunganisha folda na laptop:

smbclient -L //192.168.1.10 -U kaunta

Ukiandika nywila sawasawa utaletewa orodha: ADMIN$, C$, IPC$, na humo humo Kazi. Chini ya orodha utakuta maneno haya: "SMB1 disabled -- no workgroup available". Nahisi rafiki yako aliyaona haya ndiyo akakushauri alivyokushauri. Hilo si kosa. Programu imekwisha kukuletea orodha, na inakuarifu tu kwamba haitatafuta majina ya vikundi vya kazi kwa njia ya kizamani. Nimeona watu wenye kila kitu sawa wakirudi nyuma kwa sababu ya mstari huo mmoja.

Kwa sababu iyo hiyo, kompyuta ya Windows isipoonekana ukifungua "Network" kwenye Nemo, ile programu ya mafaili ya Mint, usishtuke. Kule kuonekana kwenye orodha kulitegemea mbinu za zamani zilizoondoka pamoja na SMB1. Kutokuwepo kwenye orodha si kutokuwepo nyumbani. Bonyeza Ctrl na L, uandike:

smb://192.168.1.10/Kazi

Weka jina kaunta na nywila yake, chagua ikumbuke, na folda itafunguka. Kama kijana wako kazi yake ni kunakili faili toka kule, kulihariri na kulirudisha, unaweza kuishia hapa. Njia hii haihitaji sudo wala kugusa faili lolote la mfumo. Upungufu wake ni kwamba baadhi ya programu haziioni folda hiyo kama folda ya kweli. Nyingine zitafungua faili lakini zikatae kuhifadhi moja kwa moja, nyingine hazitaiona kabisa kwenye dirisha lao la kufungua mafaili.

Steshenari yenye kazi za kutwa inafaa ipachike folda moja kwa moja, ili iwe mahali maalumu kwenye laptop kama sehemu ya diski yake. Anza na faili la siri:

sudo nano /etc/kazi.siri

Ndani yake mistari miwili, bila nafasi kuzunguka alama ya sawa na bila alama za kunukuu:

username=kaunta
password=nywila_uliyoweka

Lifunge lisomwe na msimamizi peke yake, kisha tengeneza mahali pa kupachika:

sudo chmod 600 /etc/kazi.siri
sudo mkdir -p /mnt/kazi

Jaribu kwa mkono kwanza:

sudo mount -t cifs //192.168.1.10/Kazi /mnt/kazi -o credentials=/etc/kazi.siri,uid=1000,gid=1000

Hizo uid na gid usiziruke. Umepachika kwa sudo, kwa hiyo bila namba hizo Linux itahesabu mafaili yote kuwa ya msimamizi, na kijana wako ataweza kusoma asiweze kuhifadhi. Namba yake utaipata akiwa ameingia kwa akaunti yake, kwa amri ya id -u. Mtumiaji wa kwanza wa Mint huwa 1000. Na ukishapachika, usijaribu kurekebisha ruhusa kwa chmod kama ulivyozoea kwenye Linux. Mwenye kauli ya mwisho ni Windows, na ruhusa tulishaziweka kule.

Jaribu kuandika kitu: touch /mnt/kazi/jaribio.txt, halafu kaangalie kwenye Windows kama faili limetokea. Ukishaliona, weka mstari huu mwishoni mwa /etc/fstab ili usirudie kazi hii kila asubuhi. Ni mstari mmoja mrefu:

//192.168.1.10/Kazi /mnt/kazi cifs credentials=/etc/kazi.siri,uid=1000,gid=1000,iocharset=utf8,nofail,_netdev,x-systemd.automount,x-systemd.idle-timeout=60 0 0

Kisha:

sudo umount /mnt/kazi
sudo systemctl daemon-reload
sudo systemctl start mnt-kazi.automount

Maneno ya mwishoni mwa mstari ule nimeyaweka kwa ajili ya umeme. Laptop ina betri, kompyuta ya kaunta huenda haina. Umeme ukikatika kompyuta inazimika na laptop inabaki inasubiri. Bila nofail, laptop ikiwashwa wakati kompyuta haipo, inaweza kukwama katikati ya kuwaka ikisubiri folda isiyopatikana. Na x-systemd.automount inafanya folda isipachikwe mpaka mtu aiguse, halafu idle-timeout inaipachua ikikaa sekunde 60 bila kutumika. Hivyo uwezekano wa umeme kukuta folda ikiwa imepachikwa unapungua sana. Ikitokea imekutwa hivyo na Nemo ikaganda, usizime laptop kwa nguvu. Andika sudo umount -l /mnt/kazi, usubiri Windows iwake. Na kwenye Windows kwenyewe, nenda kwenye mipangilio ya umeme uiambie isilale. Kompyuta iliyolala haiitikii hodi, na unaweza kupata kosa lile lile la "Host is down" saa saba mchana wakati wewe uko kwenye chakula.

Makosa mengine ukikutana nayo, yasome kwa zile hatua za mgeni. error(115), au amri kukaa kimya muda mrefu kisha kukata, ni mlango: rudi kwenye "Private network" na nc. error(2) mara nyingi ni jina la folda limekosewa, umeandika "Kazi za Wateja" badala ya "Kazi". error(13) peke yake haikuambii yote, kwa hiyo ukiiona tena andika sudo dmesg | tail, usome mstari wa mwisho wenye neno STATUS. STATUS_LOGON_FAILURE ni jina au nywila imekosewa. STATUS_ACCESS_DENIED ni kwamba ametambuliwa ila ruhusa hana, kwa hiyo rudi kwenye tabaka zile mbili. STATUS_PASSWORD_EXPIRED ni zile siku 42. STATUS_ACCOUNT_LOCKED_OUT ni kwamba umekosea mara nyingi mno. Windows 11 za kuanzia 22H2 zilizosakinishwa upya hufunga akaunti kwa dakika 10 ikikosewa mara 10, kwa hiyo kanywe chai, urudi.

Kuna ushauri mwingine utakaoukuta ukitafuta: kuingia kama mgeni, bila jina wala nywila. Windows 11 toleo la 24H2, kwa Pro, Enterprise na Education, limelibana hilo kwa sababu ya maana. Linataka kila ujumbe wa SMB uwe na saini ya kidijitali ya kuthibitisha umetoka kwa nani, na saini hutokana na nywila. Asiye na nywila hana cha kusaini nacho. Akaunti ya kaunta inakuvusha bila kulegeza chochote. Na kama wateja wako nao hutumia Wi-Fi hiyo hiyo ya dukani, watenge kwenye Wi-Fi ya wageni, kisha ongeza neno seal kwenye mstari wa fstab ili mafaili yasimbwe yanapopita hewani. Steshenari inabeba vyeti vya kuzaliwa, namba za NIDA, mikataba ya watu. Wamekuamini nazo.

Jambo moja zaidi kuhusu majina ya mafaili, kwa sababu litawakuta wiki ya kwanza. Linux inaruhusu karibu kila alama kwenye jina la faili, Windows inakataa : * ? " < > | na mikwaju yote miwili. Kijana akihifadhi picha ya skrini inayoitwa "Risiti 12:30.png", upande wa Windows jina hilo litavurugika. Tena kwa Windows "Barua.docx" na "barua.docx" ni faili moja, kwa Linux ni mawili. Kubalianeni mtindo mmoja wa majina, kwa mfano jina la mteja na tarehe kwa namba zenye kistari. Na msifungue waraka mmoja pande zote mbili kwa wakati mmoja. Word na LibreOffice kila moja ina namna yake ya kuweka alama kwamba waraka unatumika, na hazielewani siku zote.

Halafu kufuta. Ofisi moja iliniita baada ya mfanyakazi kufuta folda ya mwaka mzima akiwa kwenye kompyuta nyingine, akidhani anafuta nakala yake. Walikuwa wamefungua Recycle Bin ya kompyuta yenye folda, wakaikuta tupu, wakadhani imeharibika. Haikuharibika. Faili linalofutwa kupitia mtandao halipiti kwenye Recycle Bin ya Windows, linaondoka moja kwa moja. Tulirudisha sehemu, sehemu ilikwenda. Kwa hiyo kabla hujampa kijana wako ruhusa ya CHANGE, nunua diski ya nje, na kila jioni kabla ya kufunga duka nakili folda ya Kazi za Wateja kwenye diski hiyo, uichomoe, uende nayo nyumbani. Kama kuna mafaili ambayo hapaswi kuyagusa kabisa, yaweke kwenye folda nyingine, uishee kwa neno READ badala ya CHANGE, na kwenye icacls uweke RX badala ya M.

Ukimaliza yote, mwambie kijana afungue faili lolote kwenye /mnt/kazi na aliache wazi. Wewe kaa kwenye Windows, fungua PowerShell ya msimamizi, uandike:

Get-SmbSession | Select-Object ClientComputerName, ClientUserName, Dialect

Utaona mstari mmoja wenye anwani ya laptop yako, jina kaunta, na mwishoni 3.1.1. Ukiziona hizo tatu, flashi irudishe kwenye droo.